Mvua Iliyobaki Mtini

Mama yangu huota mvua kwa milimita. Wengine wakiamka husema wameota wanaanguka, au wameota wako sokoni bila viatu. Mama huketi ukingoni mwa kitanda, akatafuta kandambili kwa vidole vya miguu, akasema, "Nimeota ishirini na mbili." Nami, nikiwa bado nimejifunika gubigubi kwenye kitanda cha pili, humuuliza kama ilikuwa ya upepo au ya kutulia, maana nisipouliza tutakunywa chai na ndoto hiyo mpaka birika liishe.

Alikuwa mhudumu wa ofisi ya maji. Alifagia, alichemsha chai, alipeleka mafaili mlango kwa mlango. Miezi miwili kabla sijazaliwa, bwana mmoja wa idara ya hali ya hewa alifika hapo akitafuta mtu wa kupima mvua: mtu asiyesafiri, asiyeugua ovyo, na anayesoma namba bila kubahatisha. Wakubwa wakatazamana, kisha wote wakamtazama mama, aliyekuwa anamimina chai. Ndivyo kipimo kilivyokuja kusimikwa uani kwetu. Ni mkebe mrefu wa bati nene wenye mdomo wa shaba, ndani yake kuna faneli na chupa, na pembeni kuna kigilasi chembamba chenye mistari. Kila siku saa tatu asubuhi, inyeshe isinyeshe, mama humimina maji ya chupa kwenye kigilasi, hupiga goti moja mpaka jicho lake lilingane na maji, husoma, kisha huandika daftarini. Siku kavu huandika sifuri. Mvua ikiwa kidogo kiasi cha kutofika mstari wa kwanza, huandika "matone".

Amefanya hivyo miaka thelathini na saba, na nikisema hakuruka siku hata moja sitii chumvi. Mimi nilizaliwa siku ya arobaini na mbili. Uchungu ulimshika alfajiri, akagoma kuondoka nyumbani mpaka ifike saa tatu, akapima, akaandika, ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Siku tuliyomzika baba, uani pamejaa watu, saa tatu ilipogonga mama aliinuka katikati ya waombolezaji, akaenda kwenye kipimo, akapiga goti. Aliandika "matone". Shangazi hajamsamehe hadi leo. Mimi pia, tuseme ukweli, kwa miaka mingi niliamini kwamba kifuani mwa mama kuna bati.

Yule bwana wa hali ya hewa alimwachia sheria moja: kitu chochote kinachosimama kikae mbali na kipimo, mara mbili ya urefu wake. Mama aliishika sheria hiyo kama kiapo. Kamba ya nguo ilihamishwa hadi mwisho wa ua, kule jua linakochoma, na hadi leo tukianika shuka tunatembea safari nzima. Jirani alipoweka antena ndefu, mama alimfuata kwa maneno matamu kwa wiki mbili mpaka akaihamisha. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, narefuka kama mlingoti, siku moja nilisimama pale kupiga mswaki akaniambia nisogee.

Ila mwarobaini hakuuona.

Baba alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi. Mwaka alioanza kuugua alileta mche wa mwarobaini ndani ya kopo la rangi, akaupanda hatua tano kutoka kwenye kipimo, ili mama apate kivuli cha kuandikia. Ulikuwa unafika gotini. Baba alifariki kabla haujafika kiunoni. Baada ya hapo mama akawa na desturi yake ndogo ambayo hakumwambia mtu: akishapima na kuandika, maji yale ya kigilasi aliyamwaga kwenye shina la mti. Mti ukakua kwa mvua iliyopimwa. Ulipita dirisha, ukapita paa, ukatandaza matawi yake taratibu juu ya ua, na asubuhi mwanga ukawa unashuka kupitia majani yake ukiwa vipande vipande, ukitembea juu ya daftari na juu ya mikono ya mama. Nakumbuka asubuhi hizo kama mtu anavyokumbuka chumba alicholala utotoni. Mama aliyeiona kamba, antena na mimi, aliegemea shina lile kila siku akiandika, na hakuliona.

Yule bwana alistaafu. Mahali pake hakuja mtu wa kukagua. Fomu zilikwenda kila mwisho wa mwezi, barua za shukrani zikarudi, na namba zikawa zinashuka. Kila mwisho wa mwaka mama alizijumlisha akatikisa kichwa. "Dunia inakauka," alikuwa akisema, kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Na yalikuwepo mengi ya kumfanya aamini. Joto lilikuwa limezidi. Misimu ilikuwa imepoteza ratiba. Zile mvua za zamani za siku tatu mfululizo, za kulaza watu na kunukisha udongo ndani ya nyumba, hatukuziona tena.

Ndipo akaja Mhandisi. Jina lake lipo, lakini sisi nyumbani tulimwita Mhandisi tu, binti mwenye miwani mizito na viatu vilivyojaa vumbi. Mji ulikuwa unapanga mtaa mpya bondeni, pale maji yalipokuwa yanapita zamani: nyumba arobaini za matofali ya udongo ulioshindiliwa, mapaa ya kuvuna mvua, umeme wa jua, miti kila mlango. Nyumba zisizochafua kitu. Aliomba kuona madaftari ya mama, akayasoma siku tatu mfululizo kwenye benchi chini ya mwarobaini, na mwishoni akamshika mama mikono miwili. Alisema kwa miaka kumi mvua imepungua karibu theluthi, na kwamba bila madaftari haya wangejenga daraja na mtaro mpana kwa gharama isiyo na sababu. Sasa mtaro mdogo ungetosha. Mama alivimba kichwa wiki nzima. Alivaa gauni la maua kufagia.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kufurahi. Jina langu lilikuwa kwenye orodha, nyumba namba kumi na saba. Mimi ni mshonaji, na kwa miaka kumi na minne nimeshona kwenye korido ya mama, cherehani ikiwa imebanwa kati ya mlango wa choo na gunia la mkaa, kila anayepita akiniomba nisogeze kiti. Namba kumi na saba ilikuwa na chumba cha mbele chenye dirisha la kutazama mashariki. Nilikwenda kuona vigingi vya kiwanja vilivyofungwa utepe mwekundu, nikasimama pale cherehani itakapokaa, nikafumba macho, nikahisi jua la asubuhi likigusa kitambaa. Nililala na dirisha hilo. Niliamka nalo.

Kosa liligunduliwa na sufuria. Niliunguza maharage, nikaisugua sufuria, nikaiacha uani karibu na kamba ya nguo, nikaisahau. Mvua ikanyesha. Asubuhi nikaikuta ina maji, na kwa kuwa ni sufuria ya kuta zilizonyooka, na tepu ya kupimia nguo ilikuwa shingoni mwangu kama kawaida, nikaitumbukiza kwa utani tu. Sentimita sita na nusu. Nikamuuliza mama yeye amepata ngapi. Thelathini na tisa. Nikamwambia sufuria imemshinda kwa milimita ishirini na sita. Hakucheka. Alisema sufuria haina cheti, na mimi badala ya kucheza na maji nimalizie sare za watu.

Lakini mvua iliyofuata nilimwona kupitia dirishani akiibeba sufuria ile mwenyewe, kimyakimya, akaiweka mahali pa wazi. Sufuria ikasema ishirini na nane, kipimo kikasema kumi na saba. Mvua ya tatu ikaja na hadithi ileile. Siku hiyo alipomaliza kuandika hakumwaga maji kwenye shina. Aliweka kigilasi chini, akatandika khanga ardhini kando ya kipimo, akalala chali, mikono kifuani. Mama yangu ana miaka sitini na minane na sijawahi kumwona amelala chini mchana. Nikadhani ameanguka, nikakimbia na sindano mdomoni.

"Lala hapa," aliniambia. "Tazama juu. Jifanye wewe ndiye mkebe."

Nililala. Juu yetu palikuwa na majani, na juu ya majani majani mengine, yanacheza polepole, na katikati yake mbingu kidogo tu, vipande vya buluu vikubwa kama viganja. Tone lililokuwa limesahaulika tawini toka usiku likaanguka kwenye paji la uso wangu. Palikuwa pazuri mno pale chini. Ningeweza kulala usingizi. Nikageuka nikaona machozi yanashuka pembeni mwa macho ya mama na kuingia masikioni, naye hayafuti.

"Miaka kumi," alisema. "Nimeandika uongo miaka kumi, na aliyenisaidia ni baba yako."

Nilimsihi asiseme. Naandika hili bila kujipaka mafuta. Nilimwambia kamati inakutana Alhamisi, na kwamba hakuna ajuaye ila yeye, mimi na sufuria. Nilimwambia jina lake litachafuka. Kisha nikamwambia lile nililokuwa nalo rohoni, kuhusu namba kumi na saba na dirisha lake, na kuhusu korido, na kuhusu miaka yangu thelathini na sita ya kulala kitanda cha pili. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na maji yakija?" akauliza.

"Labda hayatakuja."

"Labda haina mstari kwenye kigilasi, mwanangu."

Alhamisi alivaa gauni lile la maua. Nilimsindikiza kwa sababu mfuko wa madaftari ulikuwa mzito, si kwa sababu nilikubaliana naye. Ukumbini walimpigia makofi alipoingia, kwa kuwa Mhandisi alikuwa amekwisha kumsifu. Aliyapanga madaftari kumi mezani, moja juu ya jingine, akasema haya hayafai, akaeleza kwa nini, pamoja na hatua tano na urefu wa mti. Mhandisi alivua miwani akawa anaifuta bila kuacha. Mwenyekiti, mtu mpole, aliuliza kama hivyo ndivyo, basi mvua ya kweli ni kiasi gani, imepungua au imeongezeka.

"Sijui," mama alisema.

Katika maisha yangu yote sijamsikia akilitamka neno hilo mbele za watu. Aliulizwa mara ya pili, akasema tena kwamba hajui. Alisema anachohisi ni kwamba siku za mvua zimekuwa chache, na ile inayokuja inakuja yote kwa mara moja, kama mtu aliyekaa kimya muda mrefu. Lakini kuhisi si kupima. Wampe mwaka mmoja, wamletee kipimo cha pili akisimike mahali pa wazi, na cha kwanza kibaki palepale, ili ijulikane mti unakunywa kiasi gani na namba za zamani zipate kurekebishwa. Nyuma yangu mtu alicheka. Mwingine alisema kwa sauti kwamba wamesubiri miaka mitatu, na sasa wanaambiwa wasubiri bibi apime miti.

Mradi ulisimamishwa. Tuliokuwa kwenye orodha tulikuwa arobaini, na thelathini na tisa waliacha kumsalimia mama vizuri. Wa arobaini alikuwa nyumbani kwake, anashona akiwa amempa mgongo. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia asubuhi nikisogeza kiti, na jioni nikisogeza tena, na sikuona haya, kwa sababu mwenye haki huwa anaudhi zaidi kuliko mkosaji. Siku nne sikumuuliza ameota ngapi. Naye, kwa ukaidi wake, aliendelea kuuambia ukuta.

Mhandisi alikuja na kipimo kipya, kinang'aa. Alishauri kwa adabu kwamba mwarobaini ungeweza kukatwa. Mama alijibu haraka kuwa ukikatwa hatutajua ulikunywa kiasi gani. Sikuamini kwamba hiyo ndiyo sababu yote, lakini ilikuwa hoja. Kipimo kipya kikasimikwa mwisho wa ua, kwenye jua, pale penye kamba ya nguo, na kamba ikarudi chini ya mti baada ya miaka thelathini na saba uhamishoni. Nilipoanika shuka la kwanza kivulini, nikacheka peke yangu, na kicheko hicho ndicho kilichotupatanisha.

Kwa kuwa saa tatu ni moja na vipimo ni viwili, ikabidi nijifunze kupiga goti. Mama alichukua kile cha wazi, mimi nikapewa cha mti. Tukawa tunaitana kutoka pande mbili za ua, majani yakipitisha mwanga wake wa vipande, nguo zikipumua kwenye kamba katikati yetu.

"Ishirini na nne," yeye.

"Kumi na tano," mimi.

"Tisa za baba yako."

Safu ya tofauti aliipa jina daftarini, "Mti", lakini mdomoni ilikuwa za baba. Siku ya manyunyu baba alikunywa zote asibakize tone. Siku ya mvua kubwa alishiba upesi akaachia nyingine zipite. Nilianza kumfahamu upya, mtu yule wa maneno machache. Na asubuhi moja, kabla mama hajatafuta kandambili zake, nilijisikia nikisema kutoka ndani ya shuka kwamba nimeota thelathini na moja.

Mwezi wa nane wa kupima, mvua ilianza magharibi na tukalala nayo. Sikusikia radi. Nilisikia tu sauti moja pana, bila mwanzo wala mwisho, nami nikaota niko namba kumi na saba, nashona, na kitambaa ni kirefu mno, cha kahawia, kinatoka dirishani na hakiishi. Alfajiri ilikuwa imekatika. Watu walikuwa wanapita nje wakisema twendeni mkaone bonde.

Tulikwenda, mama na mimi, tumeshikana kwa sababu ya utelezi. Bonde lilikuwa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Maji hayakuwa na haraka. Yalipita mapana na ya kahawia, yamebeba matawi, ndoo, kiti kimoja cha plastiki kilichosimama wima kama kina mtu, na juu ya maji mbingu nzima imelala. Hapakuwa na kelele za watu waliopotelewa, kwa kuwa hapakuwa na watu. Mhandisi alikuwa ukingoni na viatu vyake. Alisema michoro ya kuhamishia mtaa kilimani imeanza, ila hakuahidi mwaka. Wale majirani wa orodha walikuwepo pia, na mmoja wao akamwamkia mama vizuri, kwa kuinama.

Nilitafuta namba kumi na saba. Nilihesabu kutoka kwenye nguzo ya umeme, nikafika pale panapostahili kuwa na chumba cha mbele, na pale maji yalikuwa yanazunguka taratibu, yanazunguka, yakichezea utepe mwekundu. Ningekuwa ndani. Pale pale, nimelala kitandani mwangu, kitanda cha kwanza. Nikakaa kwenye majani mabichi na kulia, na sijui hata sasa kama nililia kwa kupona au kwa kulikosa dirisha. Nadhani vyote viwili. Mama akakaa kando yangu na gauni lake, akanishika mkono.

Katika kibanda cha nyuma yetu kulikuwa na redio. Ikapiga saa tatu. Niliisikia, nikajua na yeye ameisikia, maana kidole chake kilishtuka ndani ya mkono wangu.

"Mama, saa tatu," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, na hakuinuka.

Tulikaa mpaka nikatosheka. Tulirudi saa nne na robo, tukapiga goti kila mtu upande wake. Mia na kumi na nane kwake, tisini na tisa kwangu. Alitoa ndogo kwenye kubwa, akaandika kumi na tisa kwenye safu ya mti, na hakusema ni za nani. Kisha kalamu ikahamia pembeni, kwenye safu nyembamba ya maelezo, ambayo kwa miaka thelathini na saba ilikuwa tupu, hata siku aliyozikwa baba. Nilisoma juu ya bega lake. Aliandika kwa zile herufi zake za mviringo: Nimechelewa kusoma. Nilikuwa na mwanangu.